Jinsi ya Kulinganisha Filamu ya Anime na Mfululizo Wake wa Televisheni: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Evangelion

Mtu akimaliza kutazama filamu iliyotokana na anime (katuni za Kijapani) anayoipenda, neno la kwanza mdomoni ni "wameikata." Wamekata utani wa shuleni, wamekata rafiki wa fulani, wamekata wimbo. Ni malalamiko ya haki, ila hayana mwisho. Sehemu sita za runinga zinapita saa mbili, filamu ni saa moja na dakika arobaini hivi. Lazima kitu kidondoke njiani.

Mimi huwa naanza na swali jingine: mtazamaji anajua nini, na amekijua lini? Filamu inaweza kubakiza karibu kila tukio la mfululizo na bado ikawa hadithi nyingine, kwa sababu tu siri iliyofichwa miezi mitatu kwenye runinga sasa inatolewa hadharani kabla ya pambano la mwisho. Mwongozo huu wote unazunguka swali hilo.

Mfano wetu ni Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno. Mfululizo una sehemu 26, ulirushwa na TV Tokyo kila Jumatano kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Mwaka 2007 Anno alianza kuisimulia upya kwa filamu nne, na ile ya kwanza, Evangelion: 1.0, inapita kwenye njia ileile ya sehemu ya 1 hadi ya 6. Kwa mazoezi hakuna kitu kizuri kama hicho: mwongozaji mkuu yuleyule, sauti zilezile, maonyesho mengi yaleyale, na tofauti ya miaka 12. Kazi yote inaisha wikendi moja. Nitafichua mambo, kwa hiyo ambaye hajaitazama aitazame kwanza.

Hatua ya 1: Jua filamu uliyonayo ni ya aina gani

Kabla ya kulinganisha chochote, uliza filamu hii ilikuja kufanya nini. Watu wengi hukosea hapa, wanaihukumu filamu kwa ahadi ambayo haikuitoa.

Kuna filamu za mkusanyo. Mobile Suit Gundam ya 1979 ilikuwa na sehemu 43, zikashonwa kuwa filamu tatu mwaka 1981 na 1982. Hapo kazi yako ni kutazama mkasi: wamebakiza nini, wameunganisha wapi, wamechora upya kipi. Kuna filamu za pembeni, kama ile ya Cowboy Bebop ya 2001, ambayo kisa chake kinakaa kati ya sehemu ya 22 na ya 23. Hiyo haichukui nafasi ya kitu chochote, unaitazama kama sehemu ndefu iliyopewa pesa nyingi. Kuna zinazoendeleza hadithi, kama filamu ya tatu ya Madoka Magica ya 2013, iliyokuja baada ya filamu mbili za 2012 kusimulia upya sehemu zote 12.

Halafu kuna zinazovunja nyumba na kujenga nyingine kwa matofali yaleyale. Escaflowne ni mfano mkali. Kwenye mfululizo wa 1996, Hitomi ni msichana mchangamfu, mkimbiaji, anayebashiri kwa karata. Kwenye filamu ya 2000 ni msichana aliyechoka na maisha, anatamani atoweke. Mwenye kuanza kuhesabu yaliyokatwa hapo anapoteza muda, maana mhusika mwenyewe amekuwa mtu mwingine.

Evangelion: 1.0 ni ya usimulizi upya, na ina ujanja wake: inajifanya mkusanyo. Kwa muda mrefu unadhani unatazama vilevile vya zamani vilivyopakwa rangi mpya, kisha unagundua kuna mtu amehamisha samani usiku.

Hatua ya 2: Hakikisha matoleo yako

Anime ina tabia ya kurekebishwa baada ya kutoka. Sehemu za 21 hadi 24 za Evangelion zina matoleo mawili, lile lililorushwa hewani na lile la video lililoongezewa maonyesho. Filamu ya kwanza nayo ina namba: 1.0 ni ya sinema, 1.01 na 1.11 zilikuja kwa ajili ya nyumbani, na 1.11 imeongezewa vipande vichache. Andika juu ya ukurasa wa daftari lako toleo unalotazama. Ukibishana na mtu kuhusu onyesho ambalo yeye analo na wewe huna, huenda nyote wawili mko sahihi.

Wanaochukua kwenye flashi ya rafiki wachunge zaidi, kwa sababu faili huwa limebadilishwa jina mara tatu kabla halijakufikia. Angalia urefu wake. Filamu ya sinema ni dakika 98.

Hatua ya 3: Usimlaumu mwongozaji kwa kosa la mfasiri

Hatua hii niliijua kwa aibu. Niliwahi kuandika aya nzima nikidai kwamba filamu fulani imemlainisha baba wa mhusika mkuu, siku hizi anaongea kwa upole. Kumbe mfululizo nilikuwa nimeutazama kwa sauti za Kijapani na maandishi ya chini, filamu nikaitazama kwa sauti za Kiingereza. Upole ule ulikuwa wa mwigizaji wa sauti wa Marekani. Aya nikaifuta.

Evangelion ina kesi maarufu zaidi. Netflix ilipouweka mfululizo mwaka 2019 ilikuja na tafsiri mpya ya Kiingereza. Katika sehemu ya 24 kijana Kaworu anamwambia Shinji, mhusika mkuu, neno la Kijapani "suki". Tafsiri ya zamani ililifanya kuwa tamko la mapenzi mazito, mpya ikaliteremsha hadi kupendezwa na mtu tu, na mashabiki wakawaka moto. Sisi wa Kiswahili tungecheka kidogo, maana "nakupenda" yetu inabeba yote mawili bila kutoa jasho, karibu sana na "suki" yenyewe. Mwenye kutazama kwa Kiingereza hana bahati hiyo, na tofauti ya tafsiri anaweza kuiona kama tofauti ya hadithi.

Hata majitu yanayoshambulia yana mkanganyiko huo. Kiingereza kinayaita malaika, na neno hilo linaonekana hata kwenye skrini za ndani ya hadithi. Kijapani kinasema "shito", yaani mtume. Hapa nitasema Malaika kwa sababu ndivyo mashabiki wengi wanavyowajua, lakini kumbuka kwamba anayesikiliza Kijapani anasikia watu waliotumwa.

Kanuni ni nyepesi: lugha moja ya sauti kwa pande zote mbili, na ikiwezekana mfasiri mmoja. Isipowezekana, usijenge hoja juu ya neno moja. Jenga juu ya kinachoonekana.

Hatua ya 4: Tazama mara mbili, mara ya pili na kalamu

Mara ya kwanza tazama kama mtu wa kawaida, mfululizo kwanza halafu filamu, bila kusimamisha. Unahitaji kujua uliguswa wapi kabla hujaanza kupasua.

Mara ya pili chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni onyesho na dakika yake. Ya pili, limefanywa nini: limebaki, limefupishwa, limehamishwa, limeondolewa, au ni jipya. Ya tatu ndiyo yenye thamani: baada ya onyesho hili, nani anajua nini? Weka mhusika na mtazamaji kila mmoja peke yake. Kama bando linakubana, pakua zote kabla, kwa sababu utarudi nyuma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Usiandike kila kitu. Sehemu sita zikikupa maonyesho kumi na tano ya kutaja, yanatosha sana.

Hatua ya 5: Chukua onyesho moja ulipasue hadi mfupa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuchukue pambano la kwanza.

Shinji Ikari, miaka 14, ameitwa na baba ambaye hajamwona muda mrefu. Anafika, anaambiwa apande ndani ya jitu linaloitwa Eva akapigane. Sehemu ya 1 inaishia hapo: Eva imerushwa juu ya ardhi usiku, Malaika amesimama mbele yake. Mtazamaji wa Japani mwaka 1995 alisubiri siku saba.

Jumatano iliyofuata, sehemu ya 2, Eva inapiga hatua na kuanguka kifudifudi. Malaika anaiinua, anavunja mkono wake, kisha anaanza kuitoboa kichwa. Damu inaruka. Halafu, kimya. Dari nyeupe ya hospitali. Shinji amelala anaitazama, anasema ni dari asiyoijua. Pambano limeisha, ameshinda, na hatujaona kitu!

Kinachofuata ni vichekesho. Misato Katsuragi, afisa wa jeshi linalomiliki Eva, anamchukua kijana akae kwake. Nyumba imejaa makopo ya bia, kuna pengwini kwenye friji, kuna kizaazaa cha bafuni. Unacheka, lakini unacheka na shimo tumboni, kwa sababu kuna kitu kilitokea usiku ule na hakuna anayekisema. Ni hadi Shinji amelala gizani, dakika za mwisho, ndipo kumbukumbu inamrudia: Eva iliamka yenyewe, ikaunguruma, ikamrarua Malaika. Na kwenye kioo cha jengo akaona uso wa kile alichokuwa ndani yake, na jicho likijiumba upya. Anapiga kelele.

Filamu inalinyoosha pambano. Eva inaanguka, inatobolewa, inaamka, inashinda, mlipuko, kisha hospitali. Karibu kila picha muhimu ipo, tena imechorwa kwa ufundi ambao runinga ya 1995 haikuwa na pesa yake. Ukihesabu kilichokatwa utasema hakuna kitu.

Sasa jaza safu ya tatu. Kwenye mfululizo, kuanzia hospitali hadi kitandani, sisi na Shinji tuna shimo lilelile la kumbukumbu. Kwenye filamu tunajua kila kitu, na tunakaa mezani na Misato na bia zake tukimtazama Shinji kutoka nje, tukimwonea huruma. Huko tulikuwa ndani yake, huku tuko kando yake. Hilo limefanywa na mpangilio tu, hakuna sekunde ya maana iliyotupwa.

Je, filamu imekosea? Sidhani. Ndani ya dakika 98, kulificha pambano la kwanza kungemchosha mtu aliyelipa kiingilio kuona majitu yakipigana. Lakini nikiulizwa nichague moja nibaki nalo, nachukua la runinga bila kufikiri.

Hatua ya 6: Tafuta kile ambacho runinga pekee inakiweza

Katika sehemu ya 4 Shinji anatoroka. Anazunguka kwenye treni, anatembea mashambani, anamkuta mwanafunzi mwenzake Kensuke amepiga kambi akicheza uanajeshi peke yake. Mwishoni yuko stesheni, treni ya kuondoka imefika, Misato anakuja mbio. Treni inaondoka, na kijana bado yupo kwenye jukwaa. Wanatazamana. Picha inasimama karibu dakika nzima, hakuna anayetikisika. Kisha Shinji anasema lile neno ambalo Mjapani husema akiingia nyumbani kwake, na Misato anaitikia kama mwenye nyumba.

Filamu imeubana utoro huo, na jukwaa la stesheni halimo. Hapa neno "wamekata" lina haki yake, ila liseme vizuri: kilichopotea ni muda wa kusubiri. Runinga ya kila wiki inaweza kutumia dakika 20 kwa kijana asiyefanya chochote, kwa sababu wiki ijayo kuna nyingine. Filamu haina wiki ijayo.

Tazama pia inachofanya kuziba pengo. Kabla ya pambano kuu, Shinji anasikilizishwa ujumbe wa sauti wa kutiwa moyo kutoka kwa wanafunzi wenzake, Toji na Kensuke. Urafiki ambao runinga iliulea kwa sehemu mbili, filamu inaulipia kwa sekunde chache za sauti. Kila ukiona onyesho jipya, uliza linalipa deni la onyesho gani lililotupwa.

Hatua ya 7: Fuata siri moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Chini kabisa ya makao makuu kuna jitu jeupe lililosulubiwa. Kwenye runinga, Misato analiona mara ya kwanza katika sehemu ya 15, kwa kuoneshwa kisirisiri, na anatambua kwamba wakubwa wake wamekuwa wakimdanganya. Jina la kweli la jitu hilo, Lilith, linakuja baadaye zaidi. Shinji kwa sehemu kubwa ya hadithi hajui hata kwamba kuna cha kujua.

Kwenye filamu, Shinji anapokataa kupigana tena, Misato mwenyewe anamshusha huko chini na kumwonesha. Anamwambia jina, anamwambia litatokea nini Malaika akilifikia.

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika filamu ya kwanza, na haihusu mlipuko wowote. Misato wa 1995 ni mtu mzima anayemtuma mtoto vitani naye mwenyewe amefungwa macho. Misato wa 2007 anajua, na anaamua kumshirikisha. Baadaye, Malaika anapojibu mapigo na Gendo, baba yake Shinji, anataka kijana aondolewe, Misato anasimama kumtetea, na utetezi ule una uzito kwa sababu wawili hao sasa wanabeba siri moja.

Ukimaliza filamu ya kwanza, fuata uzi huohuo kwenye dakika za mwisho. Kaworu, ambaye runinga ilimleta sehemu ya 24, anaamka ndani ya jeneza huko mwezini na kumtaja Shinji kama mtu anayemfahamu. Na bahari ya dunia hii ni nyekundu tangu mwanzo. Aliyetazama The End of Evangelion, filamu ya Julai 1997 iliyoupa mfululizo mwisho mwingine, anaijua bahari ile. Hapo filamu inazungumza na watu wawili kwa pamoja: mgeni anaona rangi ya ajabu, mwenyeji anashtuka.

Hatua ya 8: Picha na sauti, kwa kifupi

Runinga ilikuwa karibu mraba, filamu ni pana. Simamisha onyesho lilelile pande zote mbili, utazame pembeni wameongeza nini. Mara nyingi ni jiji, nguzo za umeme, watu wa kawaida.

Mfano bora ni Malaika wa tano wa runinga, Ramiel, ambaye filamu inamhesabu wa sita. 1995 alikuwa kito cha buluu chenye pande nane, kinaelea, kimetulia. 2007 anajikunja na kujifunua kuwa nyota, misalaba, maua ya kioo, na anapiga mayowe. Wote wanapigwa kwa mpango uleule wa kukusanya umeme wa Japani nzima kwenye bunduki moja, Operesheni Yashima. Baada ya tetemeko la Machi 2011, Wajapani mitandaoni waliita kampeni yao ya kubana umeme kwa jina hilohilo, jambo linalokuonesha onyesho lile limekaa wapi mioyoni mwao.

Andika pia kilichoachwa bila kuguswa. Baada ya pambano, Shinji anafungua mlango uliochomwa na joto kwa mikono yake kumtoa Rei, msichana rubani mwenzake, Rei anasema hajui aweke uso gani, anaambiwa atabasamu tu. Pande zote mbili lipo, karibu picha kwa picha. Waongozaji waliobadilisha hata bahari wakiacha kitu kama kilivyo, wamekwambia nguzo ya nyumba ni ipi.

Hatua ya 9: Angalia kalenda na mfuko

Usikae hapa sana, lakini usiparuke. Mfululizo ulitengenezwa Gainax kwa kasi ya wiki kwa wiki, na sehemu mbili za mwisho zinapita karibu zote ndani ya akili ya wahusika. Filamu mpya zilitoka studio Khara, aliyoianzisha Anno mwenyewe mwaka 2006. Ya nne ilitoka Machi 2021. Mtu wa miaka 35 na mtu wa miaka 60 hawasimulii kisa kimoja kwa namna moja, hata wakiwa mtu mmoja.

Ukitaka zoezi la kugeuza upande, chukua Demon Slayer: Mugen Train. Filamu ilitangulia, Oktoba 2020, kisha mwaka 2021 ikakatwakatwa kuwa sehemu saba za runinga, ya kwanza ikiwa mpya kabisa. Utaona safari ileile ya treni ikilazimishwa kupata kilele kila baada ya dakika 20.

Hatua ya 10: Andika, kisha mjaribu mtu

Anza na onyesho lako moja, lile la hatua ya 5, sio na historia ya studio. Lieleze kwa runinga, lieleze kwa filamu, sema limebadilisha nini katika anachojua mtazamaji, kisha toa hukumu yako bila kujificha nyuma ya "zote zina uzuri wake." Orodha ya yaliyokatwa iweke mwisho, au itupe.

Kabla ya kumpa mtu asome, mtafute aliyetazama upande mmoja tu umsimulie ulichokiona. Mdogo wangu ameona filamu peke yake. Nilimweleza kwamba kwenye runinga, usiku ule wa Operesheni Yashima, Misato hajui kilichosulubiwa chini ya miguu yake. Akaacha kula.

"Sasa," akaniuliza, "yule mtoto wa watu alimtuma akafe kwa ajili ya nini?"

Nilirudi kwenye daftari, nikafuta sentensi yangu ya kwanza, nikaandika hiyo.